Hanang (maana)

Hanang (pia huandikwa Hanang') ni jina la mahali kaskazini mwa Tanzania. Linatokana na mlima, lakini siku hizi hutumika kwa mambo mbalimbali yanayoweza kuchanganywa. Linaweza kumaanisha:

* Mlima Hanang: mlima wa volkeno wenye kimo cha takriban mita 3,420 juu ya usawa wa bahari. Ni mtakatifu kwa Wabarabaig.

* Wilaya ya Hanang: mojawapo ya wilaya za Mkoa wa Manyara. Makao makuu yako Katesh, mji ulio chini ya mlima upande wa kusini. Wako watu wanaouita mji wenyewe "Hanang", ingawa jina lake ni Katesh.

* Jimbo la Hanang: jimbo la uchaguzi wa Bunge la Tanzania. Frederick Sumaye alikuwa mbunge wake alipokuwa Waziri Mkuu (1995-2005).

* Mashamba ya ngano ya Hanang: mashamba makubwa ya shirika la umma la NAFCO yaliyoanzishwa katika nyanda za Basotu kwa msaada wa Kanada. Sehemu ya ardhi hiyo ilikuwa malisho ya Wabarabaig, na mgogoro kati ya NAFCO na kijiji cha Mulbadaw ulifika hadi Mahakama ya Rufani mwaka 1985.

* Maafa ya Hanang: maporomoko ya matope, mawe na magogo yaliyoshuka kutoka mlimani tarehe 3 Desemba 2023 baada ya mvua kubwa. Yaliua watu 89 na kubomoa nyumba katika mji wa Katesh na vijiji vya jirani, kikiwemo Gendabi. Hapa "Hanang" ni mlima ulikotoka tope na pia wilaya iliyoathirika.

Mipaka ya zamani

Eneo la wilaya halikuwa lilelile wakati wote. Wilaya ya Babati ilitengwa na Hanang mwaka 1985, hivyo takwimu za "Hanang" za kabla ya hapo zinajumlisha Babati na hazifai kulinganishwa moja kwa moja na za leo. Vilevile, maandishi ya kabla ya mwaka 2002 yanaiweka Hanang katika Mkoa wa Arusha, kwa kuwa Mkoa wa Manyara ulikuwa haujaanzishwa.