UTI Imekataa Kuisha? Msee wa Voi, Soma Hii Kabla Urudi Kemisti

Ukikojoa unaskia ni kama pilipili. Unaenda choo kila saa na kinachotoka ni matone tu. Hiyo inaweza kuwa UTI, na wengi wetu kutoka Voi, Mwatate hadi Taveta tunakimbilia kemisti: "Nipe za UTI." Unameza, wiki inaisha, moto uko palepale.

Nini hufanyika?
UTI nyingi huletwa na E. coli, bakteria wanaoishi kwa matumbo yetu bila noma, mpaka waingie njia ya mkojo. Wanawake huumia zaidi juu njia yao ni fupi. Sasa kila ukimeza antibiotiki, hata ya mafua ambayo haisaidii, bakteria dhaifu wanakufa na wale sugu wanabaki wakizaana. Si mwili wako umezoea dawa, ni bakteria.

Kwani si hii ni shida ya waliolazwa?
Zii. Utafiti wa HATUA ulifanywa Kenya, Tanzania na Uganda, na wengi waliopimwa ni watu wa kutibiwa wakarudi home. Kati ya bakteria waliopatikana, karibu nusu walikuwa sugu kwa dawa za aina kadhaa. Makueni, majirani wetu hapo Mombasa Road, walikuwa ndani ya utafiti huo.

Ufanye nini?
- Itisha kipimo. Kale kakijiti ka rangi kanaonyesha dalili tu. Kama UTI inarudi-rudi, omba mkojo uoteshwe maabara. Ni siku 2 hadi 3 hivi, lakini utajua ni bakteria gani na dawa gani itawamaliza.
- Usikubali kuuziwa vidonge viwili vya mia, na usimeze zilizobaki za beshte. Gono na klamidia pia huchoma hivyo hivyo, na dawa zao ni tofauti.
- Meza vile daktari amesema, usikate dozi kivyako.
- Joto la Voi unalijua. Kunywa maji, na usibane mkojo, haswa nyinyi wa matatu na malori.

Usingoje kesho kama
Una homa na kutetemeka, mgongo unauma upande mmoja, unatapika, ama uko na mimba. Hapo bakteria wanaweza kuwa wamefika figo. Wahi Moi County Referral ama hosi iliyo karibu, na uwaambie dawa zote umeshameza. Usione haya, hiyo ndio itawasaidia kukuchagulia inayofanya kazi.