Kasi ya mmenyuko wa kemikali: Namna inavyopimwa katika maabara ya wanafunzi

Mgeni anayepita West Bay, mtaa wa maghorofa marefu jijini Doha, katika usiku wa Julai au Agosti, huenda akastaajabu kuona zege likimwagwa saa ambazo wakazi wengi wamelala. Mchana halijoto ya mji huo hupita nyuzi 40, kwa hiyo mafundi husubiri usiku, hutumia maji yaliyopozwa, na mara nyingine huweka barafu mahali pa sehemu ya maji ya kuchanganyia.

Sababu yake ni ya kikemia. Saruji haikauki kama nguo iliyoanikwa kambani. Huganda kwa kuwa inamenyuka na maji, na mmenyuko huo, kama mingine mingi, hwenda mbio zaidi joto linapopanda. Zege likipata moto kupita kiasi hukaza kabla halijasawazishwa, tena huwa rahisi kupasuka. Mafundi wanajua pia kinyume chake: sukari kidogo tu ikiingia ndani ya saruji huchelewesha kuganda kwake.

Sehemu kubwa ya West Bay, ambayo kwa Kiarabu huitwa Al Dafna, ni ardhi iliyopatikana kwa kufukia bahari. Hoteli ya Sheraton yenye umbo la piramidi ilipofunguliwa mwaka 1982, ilisimama pale karibu peke yake. Leo imezungukwa na minara ya vioo, na miongoni mwa wanaoijenga, kuilinda na kuihudumia wamo Wakenya, Waganda na Watanzania. Joto lile lile linaloharakisha saruji ndilo linalowadhuru wao: tangu mwaka 2021 sheria ya Qatar inakataza kazi za nje kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri, kati ya Juni 1 na Septemba 15.

Lakini je, joto huharakisha mmenyuko kwa kiasi gani? Swali hilo halihitaji mnara ili lijibiwe. Mwanafunzi wa sekondari hulijibu kwa bika la kioo, kipande cha karatasi, saa na kipimajoto.

Alama ya X

Kasi ya mmenyuko ni kiasi cha dutu kinachotumika, au kinachozalishwa, katika muda fulani. Ugumu wa kuipima ni kwamba chembe zenyewe hazionekani. Mpimaji hana budi kutafuta kitu kinachoonekana ambacho hubadilika pamoja nazo: gesi inayotoka, uzito unaopungua, rangi inayofifia, au maji yanayochafuka.

Jaribio mashuhuri kuliko yote mashuleni hutumia njia hiyo ya mwisho. Mwanafunzi huchora alama ya X kwenye karatasi nyeupe, huweka bika juu yake, humimina myeyusho wa thaiosalfeti ya sodiamu, kisha huongeza asidi ya haidrokloriki na papo hapo kuanzisha saa. Mwanzoni mchanganyiko ni mweupe kama maji ya kunywa. Baada ya sekunde kadhaa huanza kuwa na ukungu wa manjano hafifu, kwa kuwa punje ndogo mno za salfa zinajitenga na maji. Mwanafunzi hutazama kutoka juu, na pale X inapotoweka husimamisha saa.

Kisha hurudia, safari hii akipunguza thaiosalfeti na kuongeza maji. Kwa kawaida huanza na sentimita za ujazo 50 za myeyusho bila maji, halafu 40 kwa 10, kisha 30 kwa 20, na kuendelea. Jumla haibadiliki, na hapo ndipo wengi hupotea wasijue kwa nini. Kina cha kimiminika kikipungua, macho yatapenya kwenye ukungu mwepesi zaidi, na X itachelewa kufichika hata kama mmenyuko haukupungua kasi. Bika liwe lile lile, karatasi iwe ile ile, na macho yawe ya mtu yule yule.

Kwa kuwa kila mara X hufichwa na kiasi kile kile cha salfa, muda mfupi una maana ya kasi kubwa. Ndiyo sababu mwanafunzi huchukua moja na kuigawa kwa sekunde alizozipata. Tuseme myeyusho kamili umeficha X kwa sekunde 24, na ule uliopunguzwa hadi nusu umetumia sekunde 48: kasi imeshuka nusu kama ukolezi ulivyoshuka. Akichora grafu ya kasi dhidi ya ukolezi, nukta zake zitakaribia kujipanga katika mstari ulionyooka unaoelekea kwenye sifuri.

Muda bila joto

Hapo ndipo kipimajoto kinapoingia, na ndicho kifaa ambacho wanafunzi wengi hukidharau. Kanuni ya makadirio inasema kwamba mimenyuko mingi, halijoto ikipanda kwa nyuzi 10, huongeza kasi yake mara mbili hivi. Basi chukua myeyusho mmoja uliotayarishwa kwa uangalifu, upime asubuhi ya baridi huko Njombe, kwa nyuzi 18, kisha upime mchana wa Februari mjini Tanga, kwa nyuzi 30. X ya Tanga itafichika kwa muda usiofikia nusu ya ule wa Njombe. Maabara ya Doha yenye kiyoyozi, tuseme ya nyuzi 22, itatoa jibu la tatu. Wote watatu wamepima sawasawa. Asiyeandika halijoto kando ya sekunde zake, hata hivyo, ameandika tarakimu isiyoweza kulinganishwa na ya mtu mwingine yeyote.

Maelezo ya jambo hilo yalichukua karibu miaka 40. Mwaka 1850 Mjerumani Ludwig Wilhelmy alifuatilia jinsi sukari ya miwa inavyovunjika ndani ya asidi, akaonyesha kwamba kasi hutegemea kiasi cha sukari kilichobaki. Mholanzi Jacobus van 't Hoff aliweka misingi ya hesabu zake katika kitabu alichokitoa mwaka 1884, na mwaka 1889 Svante Arrhenius wa Sweden akaeleza kwa nini joto lina nguvu kubwa kiasi hicho. Chembe zikigongana hazimenyuki zote. Zinazomenyuka ni zile tu zenye nishati ya kutosha kuvuka kizingiti fulani, na joto likipanda kidogo idadi ya wenye uwezo wa kuvuka huongezeka sana. Kichocheo kwa upande wake hakiwapi wasafiri nguvu zaidi, bali huwafungulia njia yenye kizingiti kifupi.

Sekunde za kubuni

Hadi mwishoni mwa miaka ya 1960 watahiniwa wa Afrika Mashariki walifanya mitihani iliyotungwa Cambridge. Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki lilianzishwa mwaka 1967, Tanzania ikajitoa mwaka 1971, na sheria ya kuunda Baraza la Mitihani la Tanzania ikapitishwa mwaka 1973. Mabaraza yamebadilika, jaribio la X limebaki. Watoto wa Afrika Mashariki walio Doha katika shule zinazofuata mitaala ya Cambridge hulikuta huko kama ambavyo wangelikuta Kisumu au Morogoro.

Umaarufu huo una hasara yake. Jibu likijulikana mapema, kishawishi cha kulitunga huwa kikubwa. Mwanafunzi ambaye nukta yake moja imekaa mbali na mstari huisogeza kwa kalamu, wala hajiulizi kama bika halikusuuzwa vizuri. Katika chumba cha habari mwandishi anayebuni nukuu hufukuzwa kazi. Maabara, anayebuni sekunde aghalabu hupata alama nzuri. Kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, nukta iliyopotoka ikaachwa ilipo, na maelezo ya kilichotokea yakaandikwa chini yake, inastahili alama kuliko mstari ulionyooka kupita kiasi.

Erasto Mpemba wa Tanzania alikuwa mwanafunzi wa Shule ya Sekondari Magamba mwaka 1963 alipoona mchanganyiko wake wa aiskrimu, uliotiwa kwenye friza ungali moto, ukiganda kabla ya ule uliopoa. Alichekwa, lakini hakukifuta alichokiona, na mwaka 1969 yeye na Denis Osborne, mwanafizikia aliyefundisha Dar es Salaam, walichapisha matokeo yao. Hilo ni suala la kupoa, si la mmenyuko wa kemikali, ila mvutano wake unafundisha jambo lile lile: mwaka 2016 watafiti Burridge na Linden walieleza kwamba hata tofauti ndogo ya mahali kipimajoto kinapowekwa ndani ya maji inaweza kubadili jibu.

Pasipo na maabara

Shule nyingi hazina vifaa hivyo vyote. Ndiyo maana kampeni ya Rais Jakaya Kikwete, iliyopamba moto mwaka 2014, ilitaka kila shule ya sekondari ya kata nchini Tanzania iwe na maabara tatu, za fizikia, kemia na baiolojia. Jengo, hata hivyo, halina faida kubwa kama kabati lake ni tupu.

Mwalimu mbunifu hakwami. Maganda ya mayai, makome na mawe ya matumbawe ya pwani yana kalsiamu kaboneti kwa wingi, na hutoa gesi ya kaboni dayoksaidi yanapokutana na asidi, hata siki ya jikoni. Vipande vikubwa huchemka polepole, unga hufoka mara moja, kwa sababu unga una eneo kubwa zaidi la kuguswa. Gesi inaweza kupimwa kwa bomba la sindano lisilo na sindano yenyewe. Ule unga mweusi ndani ya betri kavu ya tochi una manganizi dayoksaidi, kichocheo kinachofanya haidrojeni peroksaidi itoe oksijeni kwa kasi. Kipande cha kiazi kibichi au cha ini hufanya kazi hiyo hiyo.

Kwa wanaotumia thaiosalfeti, tahadhari ni moja. Mmenyuko ule hutoa salfa dayoksaidi, gesi inayochoma koo na kuwadhuru wenye pumu, na hutoka kwa wingi zaidi myeyusho ukipashwa moto. Wengi hukomea nyuzi 50 hivi, kwani zaidi ya hapo X hutoweka kabla kidole hakijabonyeza saa vizuri. Kwetu madirisha hufunguliwa. Katika chumba chenye kiyoyozi, kama vingi vya Doha, kazi hufanywa kwenye kabati lenye feni ya kuvuta hewa. X ikishafichika, mabaki yasiachwe mezani yakiendelea kutoa gesi, bali yamwagwe mara moja ndani ya ndoo yenye maji ya magadi, ambayo huizimua asidi na kusimamisha mmenyuko.