Ardhi Isiyoshika Maji

Shimoni, kijiji kilicho kusini mwa pwani ya Kenya mkabala na kisiwa cha Wasini, kimepata jina lake kutokana na mapango ya mawe yake. Mapokeo yasema kwamba mateka walifungiwa humo kabla ya kuvushwa bahari kwenda utumwani, na habari hiyo wanafunzi wengi wameisikia. Mawe hayo hayo ya matumbawe yana historia nyingine isiyosimuliwa sana, nayo yahusu chakula cha watu waishio juu yake.

Pwani hii si nchi ya ukame. Kwa kawaida hupata mvua ya zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka, na sehemu kubwa huanguka wakati wa masika. Walakini mvua ikikatika kwa siku chache tu, mahindi hukunja majani kama yaliyopandwa jangwani. Maji yamekwenda wapi?

Jibu limo katika udongo wenyewe. Mahali pengi udongo ni mwembamba, tena una mchanga mwingi. Chembe za mchanga ni kubwa, na nafasi zilizo kati yake ni kubwa vilevile, kwa hiyo maji huteremka upesi kwa uzito wake. Chembe za mfinyanzi ni ndogo sana, nazo huyashika maji katika nafasi nyembamba. Chakula cha mimea nacho husafiri na maji. Naitreti, ambayo ni sura ya naitrojeni ipendwayo na mahindi, ina umeme hasi, na udongo wetu haiwezi kuishika. Huenda popote maji yaendapo. Potasiamu na kalsiamu zina umeme chanya, nazo hushikwa na mfinyanzi na mboji, vitu vyenye umeme hasi. Mchanga mtupu hauna nguvu hiyo. Basi mvua kubwa humpokonya mkulima maji na mbolea kwa mara moja, na vyote viwili hupenya katika matundu ya mawe hata kufika visimani na baharini. Wahenga walinena kwamba maji yakimwagika hayazoleki.

Hata hivyo, juu ya mawe ya namna iyo hiyo pana miti mikubwa. Nenda Kaya Kinondo, karibu na Diani, mojawapo ya misitu mitakatifu ya Wamijikenda iliyotiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008. Wazee walikataza kukata miti humo kwa sababu za ibada na heshima ya mababu, lakini katazo lao lililinda udongo pia. Majani huanguka, huoza, na kugeuka mboji nyeusi inayonyonya maji kama sifongo. Mizizi hukinywa chakula kilichomo kabla hakijapotea, nacho hurudi juu kuwa majani mapya. Msitu ukifyekwa mzunguko huo hukatika, na jua na mvua huimaliza mboji kwa misimu michache.

Mtu aliyetaka kuuleta mzunguko wa msituni shambani alikuwa Mwingereza Albert Howard. Kati ya mwaka 1924 na 1931 alifanya kazi Indore, katika Bara Hindi, akijifunza kwa wakulima wa huko na kwa habari za desturi za kale za Wachina. Alipanga matabaka ya majani makavu na mabichi, samadi na udongo, akayatia maji, akayageuza mara kwa mara, na baada ya miezi mitatu hivi akapata mboji. Njia yake aliieleza katika kitabu cha mwaka 1931, na katika miaka ile ya 1930 baadhi ya mashamba ya kahawa ya Kenya yaliifuata. Lakini mboji ina udhaifu mmoja: katika nchi ya joto huliwa upesi na vijidudu, na mkulima hana budi kuirudia kila mwaka.

Dawa ya udhaifu huo ilionekana mbali sana na kwetu. Katika bonde la mto Amazon, Amerika ya Kusini, mvua nyingi imekwisha kuosha rutuba, lakini hapa na pale pana udongo mweusi wenye rutuba ya ajabu. Ndani yake mna vigae vya vyungu, mifupa ya samaki na mkaa mwingi. Wenyeji wa kale ndio walioufanya, kabla ya Wazungu kufika, nao ungali unazaa hata leo. Mholanzi Wim Sombroek aliueleza udongo huo katika kitabu chake cha mwaka 1966. Utotoni mwake aliiona njaa kuu ya Uholanzi ya miaka 1944 na 1945, na yasimuliwa kwamba jamaa zake walipona kwa shamba dogo lenye udongo mweusi uliotiwa mbolea na vizazi vingi.

Bwana huyo huyo alikuja Kenya katika miaka ya 1970 kuongoza kazi ya kupima udongo wa nchi. Taarifa ya udongo wa Kwale, Mombasa na Lungalunga ilitolewa mwaka 1978, na ramani ya udongo wa Kenya nzima mwaka 1982.

Mkaa unaofaa shambani ni ule uliochomwa pasipo hewa ya kutosha, ukasagwa na kuchanganywa na udongo. Una vitundu vidogo visivyohesabika vinavyoshika maji, na kadiri unavyozeeka, uso wake hupata umeme hasi unaovuta chakula cha mimea. Huoza polepole mno, hata ukadumu kwa miaka mingi. Mtafiti James Kimetu na wenzake waliujaribu magharibi mwa Kenya, na katika taarifa yao ya mwaka 2008 walionyesha kwamba mahindi yaliongezeka zaidi katika mashamba yaliyochoka zaidi. Baadaye watafiti wa Kenya na Sweden waliwapa wakulima wa Kwale, Embu na Siaya majiko yanayopika chakula na papo hapo kubakiza mkaa wa kutia shambani.

Lakini dawa ya mgonjwa mmoja yaweza kumdhuru mwingine. Mkaa una majivu yanayopunguza uchachu wa udongo. Hilo ni jema mahali penye udongo mchachu, lakini karibu na mawe ya matumbawe udongo tayari una chokaa nyingi, na mkulima wa Shimoni atatia mkaa kidogo kwa kuujaribia kwanza. Tena mkaa mtupu, ukitiwa ungali mpya, waweza kuinyima mimea naitrojeni kwa muda. Ni heri kuuchanganya kwanza na mboji, ili vitundu vyake vishibe. Juu ya yote, asikate mti wala mkoko kwa ajili yake, maana huko ni kubomoa nyumba ili kupata kuni. Vifuu vya nazi na magunzi ya mahindi vyatosha kuanzia.

Basi, kijana usomaye, chimba shimo dogo shambani kwenu siku mbili baada ya mvua, ushike udongo wake mkononi. Ukimomonyoka mkavu, utajua kwamba mvua imepita bila kukaa. Waliotangulia walipata udongo mbaya kuliko huo, wakaufanya mwema kwa takataka za jikoni na subira ya vizazi.