MikroRNA: Kutoka kwa Mnyoo hadi Ubongo wa Mwanadamu

Mwezi Juni 1992 Victor Ambros wa Chuo Kikuu cha Harvard na Gary Ruvkun wa Hospitali Kuu ya Massachusetts, waliowahi kufanya kazi pamoja katika maabara ya Robert Horvitz, walisomeana kwa simu herufi za jeni mbili za mnyoo wa urefu wa takriban milimita moja. Na walipozipanga sambamba, A ikielekeana na U, na G na C, iliwadhihirikia kwamba RNA fupi ya jeni lin-4, yenye herufi 22 tu na ya aina iitwayo leo mikroRNA, huushika mkia wa ujumbe wa jeni lin-14 na kuuzuia usizae protini. Mnyoo aliyeikosa lin-4 huyarudia mambo ya utoto wake, mwili ukakua ilhali baadhi ya viungo havitambui kwamba wakati wao umewadia.

Habari hiyo ilitangazwa Desemba 1993, na aghalabu ya maulamaa wakaidhani shani ya mnyoo peke yake, hata mwaka 2000 ilipobainika kwamba let-7, ndugu yake, imo pia katika mwili wa mwanadamu. Tuzo ya Nobel iliwafikia wawili hao mwaka 2024.

Kwangu mimi, ajabu kubwa zaidi imo ubongoni. Humo mikroRNA iitwayo miR-124 imejaa kuliko nyingi nyinginezo, kazi yake mojawapo ikiwa kuzinyamazisha jeni zisizoifaa niuroni. Na mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walipoitia pamoja na mikroRNA nyingine, miR-9, katika seli za ngozi ya mwanadamu, baadhi ya seli hizo ziligeuka kuwa niuroni.

Basi mizani ya mikroRNA ikiharibika, madhara yake si haba. Kati ya watu waliozaliwa wakiwa wamepungukiwa kipande kimoja cha kromosomu ya 22, takriban mmoja katika wanne hupatwa na skizofrenia. Na miongoni mwa jeni za kipande hicho imo DGCR8, isaidiayo kuzitengeneza mikroRNA zenyewe. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia waliwaonyesha panya wenye nakala moja tu kati ya mbili za jeni hiyo, ambao kumbukumbu yao ya kazi ilikuwa dhaifu na matawi ya niuroni zao yamepungua. Nasema haya kwa uchungu, kwani katikati ya karne iliyopita walikuwapo matabibu wa Marekani waliowatuhumu akina mama kwamba malezi yao ndiyo yaliyowatia watoto wao skizofrenia. Hata hivyo, dawa iliyotokana na elimu hii ya mikroRNA haijapatikana, kwa kuwa mikroRNA moja hutawala jumbe za mamia ya jeni, na mwenye kuigusa huzigusa zote kwa pamoja.