Ndani ya Mtungi Mna Nini?
Mtu akiniambia amejaribu mtungi wa kuzimia moto kwenye ndege aliyojiundia nyumbani, namuuliza: injini ilikuwa inapigwa na upepo? Angani gesi hupeperushwa haraka, ndiyo maana rubani hufunga mafuta kwanza. Na gesi yenyewe je? Hapo historia si mchezo. Kaboni tetrakloridi ya miaka ya 1910 ikipata joto kali hutoa fosjini, ile ile iliyoua wanajeshi Vita vya Kwanza. Wajerumani wakatumia methili bromidi, sumu pia. Ikaja haloni 1301, afadhali kwa rubani, kumbe inakula ozoni! Mkataba wa Montreal ukatiwa saini 1987. Nchi tajiri zikaacha kuitengeneza 1994. Ndege nyingi bado zinabeba ile ya zamani, iliyosafishwa upya.