Herufi za Mkono, Herufi za Risasi

Ukishaiacha Mapinga na kuingia Kerege kwa barabara ya Bagamoyo, maandishi ya ukutani ndiyo yanayokupokea. KIWANJA HAKIUZWI. ENEO HILI NI MALI YA, halafu jina, halafu namba ya simu. Ardhi ya huku imepanda bei, matapeli wa viwanja nao hawalali, na mwenye mali asiyeishi hapa hapati mlinzi wa bei nafuu kuliko kopo la rangi nyekundu. Tazama ukuta mmoja kwa karibu. Matofali hayajapigwa plasta, kwa hiyo brashi imeruka kwenye kila ungio la saruji. Fundi ameianza K kwa mikogo, miguu imepanuka, akaendelea kwa raha zake mpaka HAKIU, ndipo ukuta ukaanza kumwishia. Z imebanwa, W imepandishwa mabega, I ya mwisho ni fito tu. Lakini rudi kwenye KIWANJA: mguu wa A umeingizwa chini ya bega la W, pengo lisionekane. Hilo hakulisomea darasani. TaSUBa, iliyoanza mwaka 1981 hapo Bagamoyo kama Chuo cha Sanaa, imejijengea jina kwa ngoma na maigizo kuliko kwa brashi ya mabango. Fundi wa Kerege amejifunza kwa kumshikia kopo aliyemtangulia.

Nimeanza na fundi huyu kwa sababu siku hizi wabuni wa fonti duniani wameielekezea Afrika macho, na yeye hayumo katika mazungumzo yao. Kuna mengi ya kufurahia. Ndugu wawili wa Guinea, Ibrahima na Abdoulaye Barry, waliobuni maandishi ya ADLaM kwa ajili ya Kifulani mwaka 1989 wakiwa bado watoto, waliyaona yakiingizwa katika Unicode, orodha ya herufi za kompyuta, mwaka 2016, na leo yanapatikana kwenye simu. Mark Jamra na Neil Patel wametoa Kigelia, familia ya fonti iliyokusanya mifumo kadhaa ya uandishi ya bara hili, ikabeba jina la kisayansi la mti ambao sisi tunauita mwegea. Kuna pia upande usionifurahisha: zile fonti za “ladha ya Kiafrika”, zenye misumeno na pembetatu kila ukingo, zinazowekwa kwenye majalada ya vitabu vya safari. Ukiandika nazo sentensi tatu za Kiswahili, ya nne haisomeki.

Pwani yetu ilikwisha kuwa na utaratibu wake wa herufi kabla ya chapa ya kwanza kushuka bandarini. Msikitini Kizimkazi, Unguja, kuna maandishi ya Kikufi yaliyochongwa katika jiwe la matumbawe, yenye tarehe ya mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107. Siyu, katika kisiwa cha Pate, ilikuwa na wanakili wa Kurani ambao kazi zao za wino mweusi, mwekundu na wa manjano bado zinasomwa na watafiti. Lamu ilikuwa na Muhamadi Kijuma, aliyefariki mwaka 1945: mshairi, mchongaji wa milango, na katibu ambaye mkono wake ulinakili tenzi nyingi zilizoishia katika maktaba za Ulaya. Mtu mmoja alichonga mti na kuandika karatasi, na hakuna aliyeona kuwa hizo ni fani mbili.

Kanuni ya khati ni kwamba kalamu ndiyo kipimo. Tangu Ibn Muqla wa Baghdad, aliyefariki mwaka 940, urefu wa alifu huhesabiwa kwa nukta, na nukta ni alama ya ncha ya kalamu ileile inayoandika. Ukibadili mwanzi, vipimo vyote vinabadilika pamoja nao. Mstari ukibaki na nafasi, katibu anaurefusha uzi unaounganisha herufi mbili. Mwili wa herufi hauguswi. Nafasi ikibana, anapandisha herufi moja juu ya nyingine. Ukurasa wake haujui kipande kisichobadilika.

Risasi inakijua hicho tu. Mpiga chapa wa karne ya 19 alikuwa na sanduku lenye visanduku, na kila kisanduku kina herufi moja iliyosubiwa kwa umbo moja. Kwa lugha iliyoandikwa Kilatini, visanduku vichache vilitosha. Kwa maandishi ya Kiarabu, karibu kila herufi ilihitaji sura za mwanzo, kati, mwisho na peke yake, na juu ya hapo fataha, kasra na dhumma. Sultani Barghash alikuwa na uwezo wa kugharimia hayo. Mnamo 1880 kiwanda chake cha chapa Zanzibar kilianza kutoa Qamus al-Sharia, kitabu kikubwa cha sheria za Ibadhi, na mwaka 1911 mji huohuo ukapata gazeti la Al-Najah. Vyote hivyo vilikuwa vya Kiarabu, na Kiarabu msomaji wake anakisoma bila irabu kuandikwa.

Kiswahili hakisomeki hivyo. Irabu zake ni tano, alama za Kiarabu ni tatu, na neno lisilo na irabu linaweza kusomwa kwa njia sita. Tena kinadai p, v, ch na g, ambazo Kiarabu hakina. Mwenye kuandika kwa mkono hakubabaika: aliandika b mahali pa p na kumwachia msomaji, au aliongeza nukta mbili tatu. Mombasa, Mwalimu Sikujua bin Abdallah, aliyefariki mwaka 1890, alizitengeneza alama hizo kwa utaratibu. Baadaye Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui akazishughulikia tena. Katika karatasi, nukta ya ziada ilimgharimu mwandishi tone la wino. Katika chapa ilidai mchongaji, kalibu, na mtu wa kulipia kiwanda cha mbali kisubu herufi ambazo hakuna mteja mwingine aliyezitaka.

Tuje upande wa pili, wa Kilatini. Edward Steere alifika Zanzibar mwaka 1864 pamoja na Askofu Tozer wa misheni ya UMCA. Misheni ikawa na mashine ya chapa, na vijana waliokombolewa utumwani wakafundishwa kupanga herufi. Steere alichukua konsonanti kama zitamkwavyo kwa Kiingereza na irabu kama za Kitaliano. Wanaisimu wanaisifu hati hiyo kwa wepesi wake. Mimi naona pia kwamba kila alama aliyoitumia ilikuwa tayari ndani ya sanduku lililotoka Uingereza. Hakuna nukta juu ya herufi, hakuna kofia, hakuna mkia. Hata ile sauti ya ng’ombe, ambayo wengine waliitafutia herufi mpya, aliimalizia kwa ritifaa ya mpiga chapa.

Bagamoyo yenyewe inaonyesha mambo yalivyogawanyika. Mwaka 1892 C. G. Büttner alichapisha Ujerumani barua za Waswahili zilizoandikwa kwa khati ya Kiarabu, na humo khati iliwekwa kama picha, huku Kilatini kikipangwa kwa risasi. Mwaka 1901 Carl Velten akatoa mwongozo wa kuwafundisha Wajerumani kuisoma khati hiyo, maana ofisa asiyeijua hakuweza kusoma barua ya liwali. Miaka miwili baadaye kikatoka Desturi za Wasuaheli, ambacho sehemu yake kubwa ni kazi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo aliyekuwa akifundisha Kiswahili Berlin. Kikapangwa kwa herufi za Kilatini, na jina lililokaa kwenye jalada ni la Velten. Kwa hiyo khati iliingia kitabuni kama kielelezo cha kutazamwa, na Kilatini kikaingia kama njia ya kusomea. Ilipoundwa Kamati ya Lugha mwaka 1930, kesi ilikuwa imeshakwisha miaka mingi kwenye meza ya mpanga herufi.

Huenda mtu akasema ni ukoloni tu, na risasi ni kisingizio. Ukoloni ulikuwepo, sibishi. Lakini itazame Urdu, iliyotawaliwa na Uingereza hiyohiyo. Wasomaji wake waliikataa chapa ya risasi kwa sababu haikuweza kuandika Nastaliq, mtindo wa kuteremka kwa mshazari. Wakatumia chapa ya jiwe, ambapo katibu anaandika ukurasa kwa mkono na jiwe linaurudia. Magazeti ya Pakistani yaliajiri makatibu hadi mwaka 1981, Mirza Ahmad Jamil na kampuni ya Monotype walipotoa Noori Nastaliq kwa ajili ya gazeti la Jang. Bombay, ambako jiwe hilo lilitumika sana, ilichapisha pia vitabu vya dini vilivyosomwa pwani yetu. Njia ilikuwepo. Wasomaji wa Urdu walikuwa na gazeti la kila siku lililoidai. Sisi tulikuwa na kasida na maulidi, na hivyo vinaweza kusubiri dau.

Majirani nao wanatusaidia kuona tulichokipata. Tahajia ya Kiganda ya mwaka 1947 ilichukua ŋ, na hadi leo Mganda mwenye simu anaandika ng’ kwa sababu kidole hakiioni ŋ kwenye kibodi. Kikuyu kina ĩ na ũ, na kwenye ujumbe wa simu kofia hizo huanguka njiani. Kiswahili kimeepuka usumbufu huo karibu wote, isipokuwa kwa ritifaa ile. Kompyuta haihesabu ritifaa kuwa herufi. Ukitafuta neno lenye alama iliyonyooka, lile lenye alama iliyopinda huenda lisipatikane. Alama ya reli mtandaoni inakatikia kwenye ng na kumwacha ombe nje. Wachora mabango wa buchani wameshaamua: NYAMA YA NGOMBE, basi.

Sanduku la Steere lilikuwa na hesabu nyingine iliyofichika, na hii ndiyo inayowahusu wabuni wa leo. Fonti za Kilatini hupimwa kwa neno la kubuni, Hamburgefonstiv, lililokusanya maumbo ambayo mbuni anataka kuyaona kwanza. Lihesabu: a ni moja tu, na k, w na y hazimo kabisa. Sasa andika HAWAKUKAWIA kwa herufi kubwa katika fonti yoyote ya bure. A, K, W na Y zote zina mishazari, na zinapokaribiana zinaacha matundu, hadi neno linaonekana kama kinywa cha mtoto anayeng’oka meno. Kwa Kiingereza tatizo hili hutokea mara mojamoja. Kwetu linatokea katika kila sentensi, na zaidi kwenye kanga, ambako jina lote huandikwa kwa herufi kubwa katika kisanduku cha upana uleule, liwe na maneno mawili au saba. Kanga za mwanzo zenye maneno ziliandikwa kwa Kiarabu. Kilatini kilipochukua nafasi, desturi ya kulitanua au kulibana neno lijae mahali pake ilibaki.

Ndiyo maana naona mchora ukuta wa Kerege ni wa ukoo wa katibu, ingawa herufi zake ni za Steere. Anayemnyang’anya kazi ni duka la mabango ya plastiki. Huko kijana wa kompyuta, neno lisipojaa, analishika kwa kipanya na kulivuta. Nguzo za wima zinanenepa, mistari ya ulalo inabaki myembamba, O inakuwa yai lililolala. Katibu alivuta uzi, kijana anavuta mwili. Sina huzuni na plastiki, inafika haraka na bei yake inaeleweka. Ninachokidai ni kwamba anayeuza fonti kwa wasomaji wa Kiswahili aziketishe A na W kabla ya kuwaza misumeno.

Kazi ya adabu ya namna hii imeshafanywa na shirika la SIL, katika fonti waliyoiita Andika, inayotolewa bure kwa leseni yao huria ya mwaka 2005. Ilikusudiwa kwa wanaoanza kusoma: a yake ni ya mviringo kama anavyofundishwa mtoto, na I kubwa haifanani na l ndogo. Vitabu vingi vya shule bado vinamwonyesha mtoto a yenye kofia, ambayo mwalimu wake hajawahi kuiandika ubaoni.

Khati nayo haijafutika. Mwaka 1997 Sheikh Yahya Ali Omar na P. J. L. Frankl walichapisha mapendekezo kamili ya kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na baadaye Kevin Donnelly akatengeneza programu ya kuyageuza maandishi ya Kilatini kuwa khati. Unicode, kwa toleo lake la mwaka 2021, iliongeza herufi nyingine za Kiarabu kwa ajili ya lugha za Afrika. Risasi haipo tena, na nukta ya ziada imerudi kuwa rahisi kama ilivyokuwa kwa mwanzi. Kilichobaki ni kibodi. Kwenye simu nyingi zenye kibodi ya Kiarabu, pe imewekwa nyuma ya ba: unaibonyeza ba, unaishikilia, ndipo pe inajitokeza. Alama za e na o hazijitokezi hata ukishikilia, na baadhi ya fonti zinapoiandika pe yenye kasra, nukta zake tatu za chini zinagongana na kasra hiyo.