Jina la Nitrojeni: Kutoka Hewa ya Juu hadi Chuma cha Vilindini

Mfasiri anapokutana na sentensi isemayo kwamba nitrojeni imehifadhiwa ndani ya chuma katika vilindi vya dunia, huenda kalamu yake ikasita. Wengi wetu tulifundishwa kwamba nitrojeni ni gesi, tena ndiyo karibu asilimia 78 ya hewa tuivutayo. Gesi yawezaje kukaa ndani ya chuma? Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba ugumu huo hautokani na elimu ya miamba peke yake. Sehemu yake kubwa ni ya istilahi, nayo ina historia ndefu.

Mnamo mwaka 1772, Daniel Rutherford wa Edinburgh alieleza hewa iliyobaki baada ya mnyama kupumua na moto kuwaka ndani ya chombo kilichofungwa, na baada ya kuondoa ile gesi itokayo katika pumzi. Katika mabaki hayo mshumaa ulizimika na panya akafa. Rutherford akaiita hewa yenye madhara. Mwaka 1787 Lavoisier na wenzake huko Ufaransa walipotengeneza upya istilahi za kemia, waliipa jina la azote, lililoundwa kwa Kigiriki kwa maana ya kitu kisicho na uhai. Wajerumani nao wakaiita Stickstoff, yaani kitu kikabacho pumzi. Mwaka 1790 Chaptal, Mfaransa mwingine, alipendekeza jina la nitrojeni, yaani kizaacho shura, kwa kuwa elementi hiyo imo ndani ya chumvi hiyo ambayo Waswahili waijua tangu zamani.

Yafaa tuangalie majina hayo yalivyoundwa. Mawili yanaitaja elementi kwa jambo isiloliweza ikiwa gesi, yaani kutegemeza pumzi na moto. Jina la tatu linaitaja kwa chumvi yake moja. Baadaye ilijulikana kwamba hakuna protini isiyo na nitrojeni, na kwa hiyo hiyo iliyoitwa isiyo na uhai ndiyo mojawapo ya nguzo za uhai. Hata hivyo Wafaransa na Warusi wangali wakitumia azote na azot, wala hawapotei, kwa sababu jina likishazoeleka halisomwi tena kwa mizizi yake.

Katika miaka ya 1870, Orazio Silvestri aliona juu ya lava ya mlima Etna, kisiwani Sicily, utando mwembamba wenye mng'ao kama wa fedha. Ulikuwa kampaundi ya chuma na nitrojeni. Madini hayo yakaitwa siderazot, kwa kuunganisha neno la Kigiriki la chuma na lile jina la Lavoisier. Mfasiri atakayeifuata mizizi atapata "chuma kisicho na uhai", maneno yasiyomweleza msomaji lolote.

Tangu hapo swali lilizidi kuwa kubwa. Wataalamu walipoilinganisha dunia na vimondo vya aina inayodhaniwa kuwa ndiyo asili ya maada yake, waliona kwamba nitrojeni yetu imepungua kuliko elementi nyingine zinazotoweka upesi kwa joto, kama vile kaboni. Iko wapi? Wengine husema ilipotelea angani dunia ilipokuwa changa. Wengine husema kwamba chuma kilichoyeyuka kilipozama kwenda kufanya kiini cha dunia, kiliichukua nitrojeni na kushuka nayo, kwani chini ya kanieneo kubwa elementi hiyo hupenda kuungana na chuma. Mwaka 2017 Felix Kaminsky na Richard Wirth walitangaza kwamba ndani ya almasi kutoka Juína, nchini Brazili, wamekuta chembe ndogo mno za nitridi za chuma. Walidai kwamba zimetoka karibu na mpaka wa kiini, kiasi cha kilomita 2,900 chini yetu. Mjadala haujakwisha, lakini chembe zenyewe zimeonekana.

Ndani ya nitridi hizo hamna hewa iliyofungiwa kama katika chupa. Ile molekuli ya atomu mbili iliyo katika hewa haipo tena. Kila atomu ya nitrojeni imejishika peke yake katika nafasi iliyo baina ya atomu za chuma.

Kwa hiyo twawasihi wafasiri na walimu wayazingatie mambo matatu. Kwanza, "hewa" isitumike mahali pa nitrojeni, maana itairudisha elementi katika chombo cha Rutherford. Pili, nitridi ya chuma iitwe kampaundi, isiitwe mchanganyiko, kwa kuwa vitu vilivyochanganywa tu havijaungana. Tatu, nitridi isichanganywe na nitrati: nitrati ina oksijeni pia, nayo ndiyo jamii ya shura, ya mbolea na ya baruti. Herufi chache zikikosewa katika waraka wa forodha au kitabu cha shule, jiwe la vilindini litageuka kuwa kitu cha kulipuka.

Shura na libaki jina la chumvi yake, na nitrojeni ibaki jina la elementi popote ilipo, iwe mapafuni mwetu au ndani ya chuma.